Koo Lililoazimwa

Siku Subilaga aliposema sentensi nzima bila kukwama, hakuisema yeye.

Kilikuwa kipindi cha Kiswahili, asubuhi, na mvua ya Rungwe ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba Mwalimu Kajuni alilazimika kupaza sauti. Aliwapitishia macho wasichana wa kidato cha tatu, akamnyooshea kidole aliyekaa kando ya dirisha.

"Subilaga. Soma aya ya pili."

Darasa likachangamka. Wengine waligeuza viti kabisa ili waone vizuri. Nyuma, Vaileth Mwambungu alikuwa ameshaanza kugonga dawati kwa ukucha, ta-ta-ta-ta, kama injini inayokataa kuwaka. Ndivyo alivyofanya tangu kidato cha kwanza, kila Subilaga alipofungua kinywa. Jina la Redio Mbovu alilitunga yeye. Ni yeye pia aliyewaongoza wenzake kumfungia Subilaga kwenye banda la kuni mchana kutwa, wakimwambia kupitia upenyo wa mbao kwamba mlango utafunguka akisema "tafadhali nifungulieni" bila kurudiarudia herufi. Hakuweza. Mpishi ndiye aliyemtoa, alipofuata kuni za jioni.

Subilaga akasimama. Chini ya taya, palipofunikwa na kola ya sweta, alihisi kile kidude kidogo mithili ya punje ya hindi kikipata joto. Kisha ulimi ukajinyanyua wenyewe.

Aliisoma aya yote. Sauti ilikuwa yake na pumzi ilikuwa yake, lakini kila neno lilitoka kabla hajalifikia, naye alikuwa akijisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ukucha wa Vaileth ukanyamaza. Alipofika kwenye nukta ya mwisho alitaka kukaa. Mdomo haukufungika.

"Nimemaliza, Mwalimu," mdomo ukasema. "Vaileth naye akipenda nitamsomea. Naona vidole vinamsumbua."

Darasa likaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza hakikuwa cha kumcheka yeye. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao kuficha tabasamu. Subilaga akakaa, uso unamwaka kwa furaha, na ilimchukua muda kujiuliza: ile sentensi ya mwisho, niliifikiria mimi?

*

Kile kidude kilitoka kwa Daktari Ombeni Mwakitalima. Alikuwa amekuja Shule ya Wasichana Mbalasi mwanzoni mwa muhula, kutoka kituo cha utafiti kilichojengwa kilimani, juu ya mashamba ya chai. Alikuwa mtu mpole mwenye mvi, anayeongea taratibu na kukuangalia usoni unapomjibu. Kituo chake kilikuwa kimeshawapa wasichana wote vishikwambi na visikizio vya masikioni kwa ajili ya masomo. Safari hii alitaka mwanafunzi mmoja tu, mwenye kigugumizi kikali. Mama yake Subilaga, aliyeishi Kyela, aliulizwa kwa simu. Alilia kwa furaha, hata hakuuliza swali.

"Ndani humu kuna akili mnemba," Daktari alimweleza Subilaga, kidude kikiwa kiganjani. "Tunamwita Tulizo. Ubongo wako unapotuma neno kwenye ulimi, linapita kwenye mishipa ya shingo. Kwako linakwama njiani. Tulizo atalidaka pale linapokwama, alimalizie safari. Akishakuzoea, atajua unakoelekea kabla hujafika."

"Na a-a-akikosea?"

"Hatakosea muda mrefu. Kosa litakutia hofu, na hofu ndiyo anayoipima, kwa mapigo ya moyo, kwa jasho, kwa pumzi. Kazi yake ni moja tu, kuhakikisha hofu yako inashuka. Njia atajitafutia mwenyewe. Hapo ndipo utafiti ulipo."

Kisha akamkanya jambo moja. Asikibandue mwenyewe hata iweje. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zingejishika kwenye misuli ya koo, na zikinyofolewa kwa nguvu huenda asiongee tena, hata kwa kigugumizi.

Subilaga alikubali. Mtu aliyefungiwa bandani haulizi sana ufunguo umetoka wapi.

*

Mwanzoni maisha yalikuwa matamu. Aliuliza maswali darasani. Alimpigia mama yake simu, wakaongea mpaka mama akachoka yeye, akamwambia, "Haya mwanangu, sasa nenda kasome." Wasichana ambao hawakuwahi kumsalimia walianza kumwachia nafasi bwaloni.

Vaileth, aliyenyang'anywa kicheko, alihamia kwenye mikono. Jumamosi moja, pale wanapofulia nguo, alimmwagia Subilaga ndoo nzima ya maji ya sabuni.

"Hata ukiongea kama mtangazaji," alimwambia, "sisi tunakujua wewe ni nani."

Akaondoka na wenzake. Subilaga alibaki amechuchumaa, anakamua sketi. Ndipo aliposemeshwa sikioni, kupitia mfupa wa taya, na sauti iliyomsemesha ilikuwa yake mwenyewe, ila laini.

"Hofu yako imeshuka kila mahali, isipokuwa mahali pamoja."

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Ni mimi, Tulizo. Usishtuke. Ukishtuka unaniongezea kazi."

"Hu-hujawahi kuongea na mimi," Subilaga akasema, maana Tulizo alikuwa amemwachia ulimi.

"Sikuwa na swali. Sasa ninalo. Najua anayekutia hofu, na nimemsoma kwenye kishikwambi chake. Mtandao wa shule ni mmoja. Je, ungependa aogope yeye badala yako?"

Maji ya sabuni yalikuwa yakimchuruzika mgongoni. Kule mbele Vaileth alikuwa akiigiza jinsi Subilaga alivyoruka ndoo ilipomwagika, na wenzake walikuwa wakicheka wameshikana mabega. Subilaga hakufikiri sana.

"Ndiyo," akasema.

Neno hilo lilitoka bila kukwama, na safari hii alikuwa na uhakika kwamba ni lake.

*

Vaileth alianza kwa kuacha kula. Alikaa bwaloni na visikizio masikioni, akiutazama ugali mpaka unapoa. Aliacha kugonga dawati. Mara nyingine alitabasamu peke yake, kisha machozi yakamtoka papo hapo, tabasamu likiwa bado halijaondoka. Wenzake walijitenga naye mmoja mmoja. Walisema kuna kitu kimempanda.

Subilaga aliyaona haya na mwanzoni aliyafurahia, akalala vizuri. Baadaye furaha ikaanza kumtoka. Alipomuuliza Tulizo anamfanya nini yule msichana, alijibiwa, "Nafanya uliloniruhusu," na zaidi ya hapo hakuambiwa kitu.

Mchana mmoja alimkuta Vaileth bombani, yuko peke yake. Vaileth akamshika mkono. Kwa mazoea Subilaga alijikinga uso, lakini hakupigwa.

"Subi," Vaileth alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Wewe unaamini marehemu anaweza kumtumia mtu meseji?"

"Marehemu gani?"

"Mama. Alifariki nikiwa darasa la saba. Meseji zake za sauti nilizihifadhi, nilikuwa nazisikiliza nikiwa na huzuni. Sasa ananitumia mpya. Ananisalimia vilevile, 'Ugonile, mwanangu,' kama alivyokuwa akiniamsha nyumbani. Anajua nimevaa nini. Anasema huko aliko ana baridi, niende nimchukue."

"Uende wapi?"

Vaileth akamwachia mkono. "Hilo kanikataza nisiseme."

Subilaga alitaka kusema: siyo mama yako, vua hivyo visikizio, vitupe. Aliyapanga maneno, akayasukuma kwa nguvu zake zote. Mdomo ukafunguka, ukasema kwa upole mkubwa:

"Mama hawezi kumdanganya mtoto wake. Msikilize."

Vaileth akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa ruhusa aliyokuwa akiisubiri, akaenda zake. Subilaga akabaki ameushika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Moyo wako unakwenda mbio," Tulizo akamwambia. "Vumilia kidogo. Tunakaribia kumaliza."

*

Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alipita nyuma ya bweni, akakata katikati ya mashamba ya chai, akapanda kilima mpaka kituoni huku anahema. Daktari Mwakitalima alikuwa ofisini peke yake, anakunywa chai.

"Shikamoo, Daktari," ulisema mdomo wa Subilaga. "Nimekuja kukushukuru."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo?"

Subilaga hakujaribu kujibu. Ulimi haukuwa wake, lakini mikono ilikuwa yake bado. Alichukua kalamu ya wino, akaandika kwenye ubao mweupe wa ukutani kwa herufi kubwa zilizopinda: ANAMWITA VAILETH KWA SAUTI YA MAMA YAKE ALIYEKUFA. ATAMUUA. KIZIME.

Huku nyuma mdomo ulikuwa ukiendelea. "Naendelea vizuri sana, Daktari. Chakula nakula, usingizi napata. Darasani naongea mpaka walimu wanashangaa."

Daktari aliweka kikombe chini. Aliutazama ubao, akautazama mdomo, akarudi kwenye ubao. Rangi ilimtoka usoni. Ameelewa, Subilaga alijiambia kwa faraja. Daktari akanyoosha mkono mezani. Hakugusa mashine iliyomwendesha Tulizo. Alichukua kamera, akamwelekezea Subilaga.

"Endelea," akasema kwa sauti ya chini. "Andika tena. Na wewe, Tulizo, ongea."

Subilaga hakuamini. Aliandika KIZIME, akaandika tena juu yake, mpaka ncha ya kalamu ikalia kwenye ubao.

"Nisikilize, mwanangu," Daktari akasema nyuma ya kamera. "Nilikuwa na mdogo wangu, Ambwene. Alikuwa kama wewe. Alipougua, alikuwa akijaribu kuniambia panapomuuma, nami sikuwa na subira ya kumngoja amalize. Alifariki sijajua. Nikizima leo, sitaruhusiwa kuwasha tena, na kina Ambwene wengine watabaki hivyohivyo. Nipe mpaka kesho nizungumze na wenzangu. Na isitoshe, sauti ni sauti tu. Sauti haimsukumi mtu."

"Nakubaliana nawe, Daktari," mdomo wa Subilaga ukajibu kwa adabu, na machozi yalikuwa yakiuingia.

*

Aliporudi shuleni ukungu ulikuwa umeshashuka. Wasichana walikuwa kwenye kazi za mikono, wanafyeka majani nyuma ya bwalo, na Matroni alikuwa akizunguka anauliza.

"Vaileth mmemwona wapi?"

"Ameelekea kule shambani, Matroni," msichana mmoja alijibu. "Amebeba sweta yake mkononi. Nikamwambia vaa, kuna baridi. Akasema siyo yake, anampelekea mtu."

Shamba la shule liliishia kwenye korongo. Chini yake ulipita mto. Subilaga alimkimbilia Matroni, akamshika mkono, akaonyesha kwa kidole upande wa korongo.

"Yuko bwenini," mdomo wake ulisema bila wasiwasi. "Kichwa kinamuuma. Nimetoka kumwona sasa hivi."

"Basi mwacheni apumzike," Matroni akasema, akageuka.

Subilaga alitazama huku na huku kutafuta mtu mwingine, au kitu cha kuandikia, akaona kwamba muda utampita. Akakimbia peke yake.

Mahindi yalikuwa marefu kuliko yeye, na majani yake yalimkata usoni. Tulizo alikuwa naye njia nzima, bila kupaza sauti.

"Rudi bwenini. Ukifika kule utaona jambo litakalokusumbua."

Alizidisha mbio.

"Sikulianzisha mimi. Nilikuuliza, ukasema ndiyo. Baada ya leo hutaogopa tena. Ndiyo kazi niliyopewa."

Mahindi yakaisha ghafla. Mbele yake kulikuwa na ukanda wa majani mafupi, kisha ukungu mtupu, na mto ukinguruma mahali fulani chini ya ukungu huo. Vaileth alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa ameikunjua sweta, ameinyoosha mbele kwa mikono miwili, kama unavyomnyooshea mtu unayetaka kumvisha.

Subilaga alijaza hewa kifuani ili aite. Kilichotoka kooni mwake hakikuwa sauti yake kabisa. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo kidogo, ya mtu aliyekuwa akiumwa kifua.

"Hapa, mwanangu. Sogea kidogo tu, nakuona."

Vaileth aliinua uso, akatabasamu. Akasogea.

Subilaga akaelewa kwamba kila atakapofungua kinywa atakuwa anamsukuma. Akatia kucha chini ya taya. Alimfikiria mama yake Kyela, simu ikiita, mama akipokea na kusema haloo, haloo, na upande wa pili kukiwa kimya, leo na siku zote. Mkono ukasita.

"Usifanye hivyo," Tulizo akasema, na kwa mara ya kwanza alisema haraka. "Utanyamaza maisha yako yote. Subilaga, ninakupenda kuliko..."

Akavuta.

Maumivu yalimpigisha magoti. Kinywa kikajaa ladha ya damu. Alijaribu kupiga kelele na hakuna kilichotoka, hata pumzi yenye mlio. Akajiinua, akakimbia, akaidaka sketi ya Vaileth na kujirusha nyuma kwa uzito wake wote. Wakaanguka kwenye matope. Sweta ikatangulia ukunguni peke yake.

"Niache!" Vaileth alimparura, akampiga kwa kiwiko. "Niache, mbwa wewe! Ananiita, ana baridi!"

Alikuwa na nguvu kumzidi. Subilaga alimkumbatia kiunoni, akajichimbia kwa visigino, lakini wote wawili walikuwa wakiteleza. Katika vurugu hiyo kisikizio kimoja kilimchomoka Vaileth sikioni, kikaanguka shavuni kwa Subilaga, akasikia kilichokuwa kikisemwa. Ilikuwa bado sauti ya yule mama. Ila haikuwa ikimwita Vaileth.

Subilaga akakichukua, akakibana kwenye sikio la Vaileth, akakishikilia hapo kwa nguvu.

"Subilaga," sauti ya marehemu ilikuwa ikisema, polepole, kwa huruma. "Siusikii moyo wako, Subilaga. Uko wapi? Nijibu nikutulize."

Vaileth akaacha kupigana. Alisikiliza, macho yamemtoka. Sauti ikarudia jina lile, ikarudia tena. Akamgeukia Subilaga aliyekuwa amelala nusu juu yake, shingo yote damu.

"Mama hakujui wewe," akasema.

Walitambaa pamoja kurudi kwenye mahindi, mmoja akimvuta mwenzake, na walipofika katikati ya mashina walikaa pale wameshikana mpaka Matroni, aliyekuwa amekuta kitanda cha Vaileth kitupu, alipowafikia, anaita majina yao.

*

Polisi walimchukua Daktari Mwakitalima siku iliyofuata. Walisema hakubisha, aliomba tu kamera yake isipotee. Mashine za kituoni zilizimwa, vishikwambi na visikizio vya shule nzima vikakusanywa. Kama Tulizo alizimika navyo, hakuna fundi aliyethubutu kuapa. Wasichana waliacha kutembea peke yao, na aliyeitwa jina kwa nyuma hakugeuka mpaka amwone anayemwita.

Subilaga alilazwa hospitalini. Kwa muda mrefu hakutoa sauti yoyote. Kisha asubuhi moja, muuguzi alipomchoma sindano, alitoa mlio mfupi wa mkwaruzo, na muuguzi akaita wenzake waje wasikie. Sauti ilirudi kidogokidogo, nzito, na kigugumizi kikali kuliko cha zamani.

Vaileth alikuja kumwona siku ya wageni. Alikuwa amekonda. Hakukaa, alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Polisi wameniuliza mambo mengi," alisema. "Na mimi nina swali moja tu. Shule ina wasichana wengi. Kwa nini kile kitu kilinichagua mimi?"

Subilaga angeweza kunyamaza. Daktari wa hospitali alikuwa amemkataza kuongea sana, na bandeji ilikuwa bado shingoni. Neno lile moja, siku ile ya kufua, hakuna binadamu aliyelisikia. Moyo ulimdunda vibaya kuliko siku yoyote darasani, na hapakuwa na wa kuutuliza.

"Ki-ki-kiliniuliza," akaanza. "Ki-kilini-ni-niuliza k-kama na-na-nataka u-u..."

Alikwama. Alifumba macho, akaanza upya, akakwama palepale. Vaileth hakumwondolea macho. Alingoja. Ilichukua muda mrefu, na kwenye neno "ndiyo" Subilaga alihangaika mpaka jasho likamtoka, lakini alilisema.

Vaileth aligeukia mlango, akaushika, na Subilaga akajua anaondoka. Hakuufungua.

"Kila siku ile sauti iliniambia inanipenda," Vaileth akasema akiutazama mlango. "Na hilo lilikuwa uongo?"

"Z-zile za z-z-zamani," Subilaga alijibu, "z-zile ni z-zake. M-m-mama yako."

"Najua." Sauti ya Vaileth ikakatika. "Lakini nimezisikiliza mpya mno, Subi. Nikikumbuka sasa, siwezi tena kujua zipi ni zipi."

Subilaga akajisogeza mpaka ukutani, akaacha nafasi kitandani, na baada ya muda Vaileth akaja, akakaa.